Njia za pikipiki zilizofutika

Yapo mambo ambayo watu wazima huyaita ya kitoto na kuyapita bila kuyatazama. Michezo ya video ni mojawapo. Leo tuutazame mmoja: Excitebike, mashindano ya pikipiki yaliyotolewa na kampuni ya Nintendo huko Japani tarehe 30 Novemba 1984, mbunifu wake akiwa Shigeru Miyamoto.

Mchezo huo ulichezwa kwenye televisheni ya nyumbani. Mchezaji alikuwa na vifungo viwili vya mwendo, kimoja cha kawaida na kingine cha kasi kubwa. Aliyeng'ang'ania hicho cha pili aliona kipimo cha joto kikipanda hadi mwisho. Hapo pikipiki ilisimama, naye akangoja kando ya njia injini ipoe, huku wenzake wakimpita. Haraka haraka haina baraka.

Lakini jambo kubwa zaidi ni kwamba mtoto aliruhusiwa kuwa fundi. Aliweza kujenga njia yake mwenyewe, akichagua mahali pa kuweka vilima, matope na vizingiti, kisha akashindana juu yake. Huko Japani kilikuwapo kinasa kanda cha kuhifadhia njia hizo kwenye kaseti ya kawaida.

Oktoba 1985 Nintendo ilianza kuuza mtambo wake New York, katika soko la michezo ya video lililokuwa limeporomoka tangu 1983. Excitebike ulikuwa miongoni mwa michezo ya kwanza. Kinasa kanda hakikupelekwa. Hata hivyo, maneno ya kuhifadhi na kurejesha kazi yaliachwa kwenye kioo kama yalivyokuwa, na kijitabu cha maelezo kikakiri kwamba hayafanyi kazi. Mtoto wa Marekani aliyejenga njia jioni nzima, alipozima mtambo, hakubakiwa na kitu.

Na kazi ya waliotengeneza mchezo, je? Hiyo haikupotea. Ufundi wao wa kuifanya picha iteleze kando bila kukwama uliwasaidia kutengeneza Super Mario Bros., uliotoka 1985 na kupata sifa dunia nzima. Kazi ya kiwanda ilirithiwa. Kazi ya mteja ilifutika. Mwaka 1988 lilitoka toleo lililohifadhi njia kwenye diski, lakini nalo liliuzwa Japani tu.

Ndugu wasikilizaji, hili si la watoto peke yao. Leo tunaweka picha, barua na hesabu zetu ndani ya mitambo ya watu wengine, kwa sababu tu kwenye kioo pameandikwa "hifadhi". Ni haki yetu kuuliza: inahifadhiwa wapi, na nani mwenye ufunguo? Wahenga walisema akiba haiozi. Hapana budi kwanza ghala liwepo.