Hakuna Drafti Huku: Vile Timu za Bungoma na Kitale Huamua Nani Abaki, Nani Atoke Ligi Ikifunga

Kila mwaka ligi ikifunga, stori mtaani huwa ni moja: nani anaenda, nani anabaki, na yule boy wa shule anapiga kama mkubwa atasaini wapi? Ukikaa stage ya Kitale ama pale Kanduyi utaskia kila mtu ni meneja. Sasa tuweke hii maneno sawa, ndio ukibishana uwe na rada.

Kwanza, drafti ni nini na mbona hatuna?

Kule Marekani, timu hazigombanii watoi wa chuo kila mtu kivyake. NFL iko na timu 32, na kila mwaka zinapanga foleni kuchagua wachezaji kwa raundi 7. Timu iliyofanya vibaya zaidi ndio huchagua kwanza. Yaani ukiwa wa mwisho, unapewa nafasi ya kujijenga upya. MLS pia wako nayo, na Mkenya ashawahi kupita hapo: Philip Mayaka, aliyekuwa chuo cha Clemson, alichaguliwa namba 3 na Colorado Rapids mwaka wa 2021.

Huku kwetu mambo iko kinyume. Ukiwa wa mwisho hupewi zawadi, unashushwa. Ligi Kuu ya FKF iko na timu 18. Mbili za chini zinashuka moja kwa moja, na ya tatu kutoka chini inacheza mchujo na timu ya daraja la pili. Na yule kijana mkali wa shule haendi kwa timu inayomhitaji sana. Anaenda kwa yule aliyefika kwao kwanza, ama mwenye doo.

Nzoia Sugar: somo liko hapa nyumbani

Kama we ni wa Bungoma, hii unaijua kwa uchungu. Nzoia walirudi Ligi Kuu mwaka wa 2017, nyumbani kwao Sudi. Mwaka wa 2018 straika wao Elvis Rupia alikuwa moto, na katikati ya msimu akauzwa Power Dynamos ya Zambia. Mwaka huo huo kocha Bernard Mwalala akaenda Bandari. Straika na kocha, wote ndani ya mwaka mmoja.

Cheki hii nyingine. Msimu wa 2022/23 Nzoia waliwahi kukaa kileleni mwa ligi. Msimu uliofuata, 2023/24, wakashuka daraja pamoja na Muhoroni Youth. Kutoka juu ya jedwali hadi kushuka, msimu mmoja tu baadaye. Na hiyo Juni 2024, Bungoma ndio ilikuwa mwenyeji wa Madaraka Dei pale Masinde Muliro, Kanduyi. Kaunti ilikuwa inapambwa, timu yake ikitoka Ligi Kuu.

Usiseme ni bahati mbaya tu. Timu za sukari zinategemea kampuni. Miwa ikikwama, mkulima halipwi, mfanyakazi halipwi, na mchezaji naye anakaa kwa foleni hiyo hiyo. SoNy Sugar walifukuzwa Ligi Kuu mwaka wa 2019 baada ya kukosa mechi tatu kwa sababu ya kukosa pesa. Chemelil nao wakashuka msimu huo huo wa 2019/20. Na mwaka wa 2025 gava ilikodisha kiwanda cha Nzoia, kile cha Bukembe, kwa West Kenya Sugar kwa miaka 30. Kwa hivyo ukiuliza kuhusu timu yoyote ya sukari, swali la kwanza si "tunasaini nani?" Ni "nani analipa?"

Timu ikishuka, meza ya kocha huwa na nini?

Hapa ndio wasee wengi hupotea. Unadhani kushuka ni kupata likizo. Zii. Ligi Kuu na timu 18 ni mechi 34. Daraja la pili, NSL, ikiwa na timu 20, ni mechi 38. Na bado ni ligi ya nchi nzima, so basi la kutoka Bungoma litafika hadi Pwani. Mechi zimeongezeka nne, mapato yamepungua. Kwa hesabu hiyo kocha anagawanya kikosi mafungu manne:

1. *Waliomaliza mkataba.* Hawa wako huru. Kulingana na sheria za FIFA, mchezaji aliyebakisha miezi sita ama chini anaweza kuongea na kusaini na timu nyingine, ahamie mkataba ukiisha. Klabu ikilala hadi Juni ndio ianze kuongea, imechelewa. Mtu ashaenda na hajaacha hata bob.

2. *Wenye mkataba bado na wenye soko.* Hapa kuna mambo mawili. Kumuuza sasa, upate pesa ya kulipa wengine, ama kumweka, akusaidie kupanda. Kama mishahara haijulikani itatoka wapi, kumng'ang'ania ni hatari, na tutaona sababu hapo chini.

3. *Wazee wa kazi.* Wengi hutaka watolewe wote. Lakini timu yenye watoi watupu kwa mechi 38 huanguka Januari. Mahali pa kuweka mzee ni katikati ya uwanja: kipa, beki wa kati na kiungo wa kukaba. Hapo kosa moja ni goli. Pembeni ndio mtoi anaweza kukosea na bado akajifunza.

4. *Mkopo.* Timu kubwa za Nairobi huwa na wachezaji wanaokaa benchi wiki nzima hadi wiki. Kumchukua mmoja kwa mkopo, mshahara ukigawanywa, ni bei poa kuliko kununua. Ila usijaze kikosi na wa mkopo. Msimu ukiisha wote wanarudi kwao na unaanza sufuri.

Kitale kuna chuma, Bungoma kuna timu

Tuongee kuhusu watoi sasa. St. Anthony's Boys pale Kitale ni kati ya shule zinazoheshimika sana kwa soka nchini. Upande wa wasichana kuna Wiyeta, na Trans Nzoia Falcons ambao wamecheza Ligi Kuu ya wanawake. Kakamega kuna Kakamega High na Musingu, hapo karibu tu.

Lakini kuna kitu wengi hawaoni. Kwa michezo ya shule, Kitale iko Bonde la Ufa na Bungoma iko Magharibi. Ni matatu moja tu, unapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye umefika, lakini shule za hizo kaunti mbili zinakutana tu zikifika kitaifa. Skauti akingoja mashindano ya kitaifa, atampata kijana akiwa amezungukwa na makocha wa kila timu kubwa. Soka ya shule huchezwa muhula wa pili, na mabingwa huenda Afrika Mashariki, yale ya FEASSSA. Skauti mjanja wa Bungoma hupanda matatu kwenda Kitale mapema, mechi za kaunti zikianza, akae kwa nyasi na daftari, aongee na mwalimu wa michezo na mzazi kabla kelele haijaanza. Hiyo ndio drafti ya maskini: kufika mapema.

We ni mchezaji? Soma hii mara mbili

Kusaini ni raha, picha na jezi mpya, lakini karatasi ndio mambo yote. Hizi ni sheria za FIFA:

- *Bila mkataba wa maandishi, we ni ridhaa.* Kupewa fare na chakula si mshahara. Mchezaji wa kulipwa ni yule ana mkataba ulioandikwa na analipwa zaidi ya gharama zake.

- *Chini ya miaka 18, mkataba usipite miaka 3.* Mkubwa, miaka 5. Mtu akikuletea wa miaka 6 ukiwa fomu tatu, kataa. Na usisaini peke yako, mzazi awe hapo.

- *Mishahara ya miezi miwili.* Klabu ikikosa kukulipa angalau miezi miwili, unaandika barua kuidai na unaipa siku zisizopungua 15. Wasipolipa, una sababu halali ya kuvunja mkataba uende. Ndio maana kung'ang'ania staa bila kumlipa ni kumpoteza bure. Usikimbie tu bila barua, maana hapo we ndio utaonekana mkosaji. Ndani ya Kenya kuna Mahakama ya Mizozo ya Michezo, iliyoundwa na Sheria ya Michezo ya 2013.

- *Timu ngapi kwa msimu?* Unaweza kusajiliwa na timu tatu, lakini kuchezea mbili tu mechi rasmi. Usirukeruke.

- *Kuvuka Uganda ukiwa mdogo.* Hii ni ya watu wa Malaba, Lwakhakha na Suam. Kuhama nchi kabla ya miaka 18 imekatazwa, isipokuwa kwa sababu chache. Moja ni ya mpakani: kwenu kusiwe zaidi ya kilomita 50 kutoka mpaka, klabu nayo hivyo hivyo upande wake, umbali kati ya nyumbani na klabu usizidi kilomita 100, na uendelee kulala kwenu. Shirikisho zote mbili pia zikubali. Mtu akikwambia "tutapanga tu", anakuchezea.

Ganji inayopotea hapa kwetu

Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya ile bei hugawanywa kwa klabu zilizomlea kutoka miaka 12 hadi 23. Miaka ya 12 hadi 15, kila mwaka ni asilimia 0.25. Kutoka 16 hadi 23, kila mwaka ni 0.5.

Piga hesabu. Kijana alelewe na klabu ndogo ya Kiminini kutoka miaka 12 hadi 15, halafu siku moja auzwe kwa milioni 10. Miaka minne mara 0.25 ni asilimia 1, yaani shilingi 100,000. Hiyo klabu imenunua mipira na jezi za miaka. Wakimkaa naye hadi 18, wanaongeza miaka mitatu ya 0.5, jumla inakuwa 250,000.

Lakini pesa hii huenda kwa klabu iliyosajiliwa, na mchezaji awe na rekodi. Mtoi akicheza miaka sita kwa timu ya mtaa ambayo haiko kwa vitabu vya shirikisho, hiyo miaka haina mwenyewe. Shule nayo, hata ikifunza vizuri namna gani, si klabu. Kwa hivyo we kocha wa mtaa unayenunua maji ya timu kwa mfuko wako, kazi yako ya kwanza msimu huu ukiisha si jezi. Sajili timu, sajili watoi kwa majina yao ya cheti cha kuzaliwa, na uweke nakala.

Ukiskia tetesi, uliza haya matano

Mkataba wake unaisha lini? Mshahara unatoka mfuko gani? Anacheza nafasi gani, na nani yuko hapo tayari? Dirisha la usajili limefunguliwa ama bado? Na klabu haijafungiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya madeni? Hilo la mwisho si la timu ndogo pekee. Hata Gor Mahia na AFC Leopards washafungiwa kwa kutolipa wachezaji wa nje.

Jamaa wa stage akishindwa kujibu hata mawili, hiyo si habari ya usajili. Ni stori ya kungoja matatu ijae.