Hasi ya Uongo

Jibu la maabara linaloonyesha kwamba mtu hana ugonjwa ilhali anao huitwa hasi ya uongo. Wapo wanaopendelea “hasi isiyo sahihi”, wakisema kipimo hakina nia ya kudanganya. Ni kweli hakina, lakini istilahi ya kwanza inamzindua mzazi mapema: jibu hasi maana yake ni kwamba kirusi hakikuonekana, si kwamba hakipo.

Aina mpya za kirusi cha korona zilipoanza kuenea, wengi waliamini kwamba uongo huo utatoka kwenye mabadiliko ya kirusi chenyewe. Ushahidi unasema vingine. Alpha, iliyogunduliwa Uingereza mwaka 2020, ilikuwa imepoteza kipande kidogo cha jeni ya protini ya mwiba, na kipimo kimoja cha PCR kilichotafuta sehemu tatu za kirusi kikashindwa kuisoma moja. Mbili zilizobaki zilisomeka, mgonjwa akapata jibu chanya. Pengo hilo likawa hata alama ya kuifuatilia Alpha, na mwishoni mwa 2021 likawasaidia wanasayansi wa Afrika Kusini kuifuatilia Omicron. Hatari ipo pale kipimo kinapotegemea shabaha moja tu: Eritrea ilibadili vipimo vyake vya haraka vya malaria mwaka 2016 baada ya kukutwa vimelea visivyo na jeni ya protini ya HRP2, ambayo vipimo hivyo viliitafuta.

Je, vipimo vya haraka vya korona navyo havikuyumba? Desemba 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba vinaiona Omicron ila huenda unyeti wake umepungua. Hata hivyo, chanzo kikubwa cha hasi ya uongo ni cha kawaida zaidi: kupima mapema mno, virusi vikiwa bado vichache, au sampuli mbovu. Mtoto wa miaka miwili hugeuza kichwa, analia, na kijiti kinaishia mlangoni mwa pua.

Na ni kwa watoto ndipo jambo hili linapouma. Omicron ilileta watoto wengi zaidi wenye kikohozi cha kubweka, njia ya hewa ikivimba chini ya koo. Mzazi akishika jibu hasi anaweza kungoja nyumbani usiku mzima. Asingoje: mtoto anayevuta hewa kwa mlio, mbavu zikibonyea, apelekwe hospitali mara moja, kwani dawa ya deksamethasoni hutolewa kwa kikohozi hicho bila kujali ni kirusi gani kimekileta.