Kahu Abraham Akaka: Mchungaji wa Hawaii Aliyebariki Wenye Furaha na Wenye Hofu

Katika jarida la maadhimisho kama hili umezoea kusoma habari zetu wenyewe: nani alianzisha maombi, nani alivuka mpaka kupeleka Neno, kanisa gani lilijengwa lini. Hizo zipo. Lakini katika ukurasa huu naomba tusafiri pamoja hadi visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki, tukajifunze kwa mtumishi mmoja jambo linalotuhusu sana: kubariki.

Huenda unasema, Hawaii na sisi wapi na wapi? Ndugu zetu wa Kenya watakumbuka kwamba Barack Obama, yule baba wa Rais wa zamani wa Marekani, alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959. Shika huo mwaka, maana tutaurudia.

Abraham Kahikina Akaka alizaliwa mwaka 1917 mjini Honolulu, katika nyumba ya watoto wanane. Mmoja wa wadogo zake ni Daniel Akaka, ambaye baadaye aliingia Seneti ya Marekani. Abraham alichagua madhabahu. Alisoma theolojia Chicago, na mwaka 1957 akawa mchungaji wa Kanisa la Kawaiahaʻo, Honolulu, akalitumikia hadi 1984. Hakuwa Mpentekoste. Kanisa lile ni la mapokeo ya Kikongregesheni, yaliyoletwa na wamishonari waliofika visiwani mwaka 1820. Lakini mtu wa maombi utamjua tu.

Wahawaii humwita mchungaji "kahu", yaani mlinzi, mtu aliyekabidhiwa kitu akitunze. Siyo mwenye mali, ni mtunzaji. Hebu lishike neno hilo nalo.

Mikono mingi

Kabla ya kumwona Kahu Akaka madhabahuni, tulitazame jengo lenyewe. Kanisa la Kawaiahaʻo lilijengwa kati ya 1836 na 1842 kwa vipande 14,000 hivi vya matumbawe. Ninyi wa Lamu na Kilwa mnayajua majengo ya mawe ya baharini. Kule Hawaii watu walipiga mbizi, mita tatu hadi sita chini ya maji, wakakata mawe kwa zana za mkono, wakayapandisha na kuyaburuta hadi nchi kavu. Jiwe moja lingeweza kufika kilo 450! Jiwe la namna hiyo hapana mtu mmoja wa kulibeba, hata awe na upako kiasi gani.

Wahawaii wana neno lao la kazi ya pamoja: "laulima". "Lau" ni nyingi, "lima" ni mkono. Mikono mingi. Sisi tukisikia "lima" tunawaza jembe na shamba. Lugha hizi mbili hazina undugu, limegongana neno tu, lakini maana zimekaribiana vizuri: shamba kubwa nalo hulimwa kwa mikono mingi. Kwa hiyo kila Jumapili Kahu Akaka aliposimama kuhubiri, alisimama ndani ya kazi ya watu wengi ambao majina yao hayakuandikwa.

Baraka ya Kihawaii

Hawaii, nyumba mpya, duka, shule au barabara ikikamilika, huitwa kahu aje kubariki. Akaka alijulikana sana kwa huduma hiyo. Kwa kawaida kahu huomba, husoma Neno, kisha huchukua bakuli la mti lenye maji, huchovya majani ya mmea uitwao ti, akanyunyiza mlangoni na vyumbani.

Mlangoni huwekwa koja refu la majani ya maile, yenye harufu nzuri. Sisi tumezoea mgeni rasmi kukata utepe kwa mkasi, na watu kupiga makofi. Wao koja hawalikati. Hulifungua fundo taratibu, mara nyingi watu wawili au zaidi wakishirikiana. Mnaona tofauti? Kinachounganisha watu hakikatwi siku ya kuomba baraka.

Siku ngumu ya kubariki

Sasa turudi mwaka 1959. Tarehe 12 Machi, Bunge la Marekani lilikamilisha kura ya kuifanya Hawaii kuwa jimbo la 50. Kengele, honi, watu wakacheza barabarani. Kesho yake, tarehe 13, watu walikusanyika Kawaiahaʻo kwa ibada ya shukrani, na mhubiri alikuwa Kahu Akaka.

Mpendwa, jiweke pale alipokuwa. Mwaka 1893 Malkia Liliuokalani alipinduliwa, na mwaka 1898 visiwa vikachukuliwa na Marekani. Wazee waliokuwa hai mwaka 1959 waliweza kuyakumbuka mambo hayo. Wengi walishangilia kuwa jimbo, na baadaye mwaka huo kura ya wananchi ilipita kwa zaidi ya asilimia 90. Lakini wapo Wahawaii wenyeji ambao siku ile mioyo yao ilikuwa mizito. Wenye shangwe na wenye uchungu wako benchi moja. Utaomba nini?

Ingekuwa rahisi kupiga shangwe tu. Ingekuwa rahisi pia kulia tu. Kahu Akaka hakufanya hivyo. Alisema wazi kwamba kuna wenye matumaini makubwa na kuna wenye hofu wanayoinyamazia, hofu kwamba tamaa ya fedha ingewavamia. Akayataja yote mawili mbele za Mungu. Ndipo akalieleza neno "aloha", ambalo wageni hulidhani salamu tu ya hotelini. Akafundisha kwamba aloha ni upendo unaotoa bila kudai malipo, na kwamba chanzo chake ni Mungu mwenyewe. Watu wa Hawaii wanaikumbuka hotuba ile mpaka leo.

Je, baraka ile ilifuta jeraha? Hapana. Mwaka 1993, miaka 100 baada ya malkia kupinduliwa, Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuwaomba radhi Wahawaii. Aliyelipeleka Seneti ni Daniel, mdogo wake Kahu. Kwa hiyo mmoja aliitaja hofu ya watu madhabahuni, na mwingine akaufikisha uchungu wao bungeni.

Makoja ya Selma

Baraka za Kahu Akaka zilivuka bahari pia. Machi 1965, kule Selma, Alabama, watu weusi waliodai haki ya kupiga kura walipigwa na polisi darajani. Tarehe 21 Machi, Martin Luther King aliongoza tena maandamano, safari ya kilomita zipatazo 87 hadi Montgomery. Ukiiona picha ya mstari wa mbele utashangaa: King na wenzake, pamoja na Rabi Abraham Heschel, wamevaa makoja ya maua meupe shingoni. Makoja hayo yalitoka kwa Kahu Akaka wa Hawaii. Maua hayazuii rungu. Lakini yaliwaambia waandamanaji kwamba ng'ambo ya bahari kuna watu wanaosimama nao.

Kahu Akaka alilala mwaka 1997.

Sasa, wewe uliyesafiri na basi usiku kucha, ukapanga foleni mpakani, ukafika kwenye maadhimisho haya, jiulize nami. Tunapobariki jengo jipya, je, tunamtaja fundi aliyebeba mawe? Tunaposhangilia miaka yetu, yule dada aliyekaa nyuma na machozi yake ana nafasi katika maombi yetu, au tunamwambia tu aseme ameni kwa sauti? Baraka inayowagusa wenye furaha peke yao imefika nusu ya kanisa.

Nenda nyumbani ukiwa kahu: mtunzaji. Na fundo likikushinda kulifungua, usikimbilie mkasi. Mwite ndugu mfungue pamoja.

Mungu awabariki nyote, wa upande huu wa mpaka na wa upande ule.