Kukausha Mbao katika Nchi ya Mvua

Mtu akitaka kuielewa Wilaya ya Rungwe, na aanze na mvua. Mji wa Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na katika miezi mingi ukungu hushuka kutoka Mlima Rungwe na kutulia juu ya mapaa. Mvua hiyo ndiyo iliyotupa migomba, chai, kahawa na misitu. Lakini mvua hiyo hiyo ni mtihani kwa fundi wa mbao. Ubao hauwi ubao kamili mpaka maji yaliyomo ndani yake yametoka, na hapa kwetu hewa yenyewe imekwisha kushiba maji. Baba yangu mdogo alikuwa seremala, nami nimeishi karibu na mbao sehemu kubwa ya umri wangu. Nimefika mahali pa kuamini kwamba historia ya mbao katika wilaya hii ni historia ya mambo mawili: nguvu ya kupasua gogo, na joto la kukausha kilichopasuliwa. Kila kizazi kimepata nguvu na joto hilo kwa njia yake, na kila kizazi kimelipa kwa namna yake.

Hapo kale mahitaji ya mbao yalikuwa madogo. Nyumba za Wanyakyusa zilijengwa kwa mianzi, zikakandikwa kwa udongo na kuezekwa kwa nyasi. Wageni wa kwanza kutoka Ulaya waliozipita mwishoni mwa karne ya 19 walizistaajabia kwa unadhifu wake. Mwanzi hauhitaji msumeno wala tanuri. Mambo yalibadilika walipofika wamisionari wa Kimoravian mwaka 1891 na kujenga kituo chao Rungwe, na baadaye kidogo serikali ya Wajerumani ilipoweka makao yake hapa Tukuyu, wakati huo ikiitwa Neu-Langenburg. Kanisa, shule, boma na bati vilitaka milango, madirisha, madawati na kenchi za paa. Ndipo msumeno mrefu wa watu wawili ulipoingia msituni.

Kazi hiyo wengi wetu tuliwahi kuiona. Shimo huchimbwa, gogo huwekwa juu ya nguzo zilizolala, mtu mmoja husimama juu ya gogo na mwenzake huingia shimoni. Wa juu hufuata mstari, wa chini hula vumbi. Nguvu yote ilitoka kwenye ndizi na maharage. Hapakuwa na mafuta wala bomba la moshi. Mbao zikishapasuliwa zilipangwa chini ya paa, kati ya safu na safu vikawekwa vijiti ili upepo upite, zikaachwa hapo kwa miezi. Baba yangu mdogo alikuwa na msemo wake kuhusu jambo hili: ubao nao una umri wa kuoa. Hakukubali kutengeneza kitanda kwa ubao uliopasuliwa masika hiyo hiyo. Aliuacha ungoje upepo wa Agosti na Septemba, miezi ambayo mvua hupungua na jua huonekana.

Sisemi hayo ili kusifu mambo ya kale kupita kiasi. Kupasua mbao kwa mikono ni kazi iliyovunja migongo ya vijana wengi, na miti iliyokatwa ilikuwa ya msitu wa asili, iliyochukua miaka mingi kukua na isiyopandwa tena. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba wazee wale, kwa kukosa njia nyingine, walitumia joto la bure la jua na upepo. Gharama waliyolipa ilikuwa subira.

Kisha zikaja injini, na miti ikabadilika pia. Katika Nyanda za Juu Kusini serikali ilianza kupanda miti ya kigeni inayokua haraka. Kule Sao Hill, Mufindi, majaribio yalianza mwaka 1939, na upandaji mkubwa ukafuata katika miaka ya 1960 na 1970. Katika wilaya yetu tuna shamba la miti la Kiwira. Wananchi nao wakajaza milingoti na misindano kwenye miteremko na mipaka ya mashamba yao. Leo mtu huuza miti yake ingali imesimama, mnunuzi akaja na mashine ndogo ya kuhamishika, ile ambayo watu wa nyanda hizi huiita ding-dong, akaifunga penye miti, akapasua na kuondoka. Kazi ya wiki nzima ya watu wawili sasa hufanywa katika muda mfupi. Hakuna anayeweza kulaumu nafuu hiyo.

Lakini tuhesabu kidogo. Msumeno wa duara ambao njia yake ina upana wa milimita 6, ukipasua mbao za milimita 25, hugeuza karibu sehemu moja ya tano ya mti kuwa unga. Msumeno wa mkanda, ambao njia yake ni milimita 2 au 3, hula nusu ya hapo au pungufu. Ongeza mabanzi yanayotolewa pembeni, vipande vya mwishoni, na mbao zilizokwenda upande kwa sababu mashine haikufungwa sawasawa. Mara nyingi kinachotoka kikiwa mbao za kuuza hakifiki nusu ya gogo. Nusu nyingine inabaki chini.

Na kilichobaki chini hakikai kimya. Kuna mahali ninapopafahamu, ambapo sitapataja jina, lundo la unga wa mbao liliwashwa ili kupunguza uchafu. Halikuwaka, lilifuka. Lilifuka mchana na usiku kwa wiki kadhaa, na asubuhi, wakati hewa ya bondeni imetulia, moshi ulilala chini kama ukungu wa pili. Nguo zilizoanikwa zilinuka moshi. Watoto walikwenda shule wakikohoa. Vijana waliofanya kazi kwenye mashine walijifunga vitambaa puani, na wengine hawakujifunga kitu. Nilipouliza niliambiwa kwamba moshi ni sehemu ya kazi ya mbao, kama vile harufu ya samaki ilivyo sehemu ya uvuvi.

Jibu hilo limenikaa moyoni kwa miaka, na naona si kweli. Kwanza, vumbi na moshi si harufu tu. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua na vishimo vilivyo jirani nayo. Moshi nao una chembechembe ndogo mno zinazofika ndani kabisa ya mapafu, pamoja na kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu.

Pili, moshi ni mali iliyopotea. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Kwenye kiwanda cha mbao ningeongeza kwamba panapofuka moshi mwingi, moto ni haba. Kuni zikipata hewa ya kutosha na joto kali huungua karibu zote, na bombani hutoka mvuke na hewa isiyoonekana kwa urahisi. Zikiwa mbichi, au zikibanwa hewa, sehemu yake hupanda juu bila kuungua. Ule weusi unaopaka kuta za jirani ni kuni ambazo mwenye kiwanda amezilipia kuzikata na kuzisomba, kisha akazitupa hewani. Msindano uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiutia motoni hivyo hivyo, moto hufanya kwanza kazi ya kuchemsha maji. Kilo 1 ya kuni zilizokauka vizuri hutoa joto linalokaribia mara 2 ya kilo 1 ya kuni mbichi.

Hesabu hiyo hiyo inahusu mbao zenyewe. Chukua mita moja ya ujazo ya mbao mbichi za msindano. Tuseme ndani yake mna kilo 400 za mti mkavu na kilo 400 za maji. Seremala wa samani anataka maji yabaki kilo 50 hivi. Ukiziingiza tanurini zikiwa mbichi, itabidi moto ufukuze kilo 350 za maji, na katika kiwanda kinachokausha kwa tanuri kazi hiyo ndiyo inayokula nishati nyingi kuliko kupasua na kuranda. Lakini ukizipanga kwanza chini ya paa lenye upepo mpaka maji yapungue kufikia kilo 120, upepo utakuwa umechukua kilo 280 bila malipo. Tanuri litabakiwa na kilo 70 tu, moja ya tano ya kazi ya mwanzo. Moshi nao utapungua kwa kadiri hiyo. Paa la bati, nguzo na vijiti vya kutenganishia mbao ni mtambo wa nishati, ingawa hauna injini wala jina kubwa. Baba yangu mdogo hakujua hesabu hii, lakini aliishi kwayo.

Nishati hiyo tunaweza kuipata pia kutoka kwenye mabaki. Hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano, maana jirani zetu wa Njombe wanao. Kampuni ya miwati ya Tanganyika, maarufu kwa jina la TANWAT, ilianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya kutoa dawa ya kulainishia ngozi kutoka kwenye magome ya miwati. Mwaka 1995 ilianza kuendesha mtambo wa umeme wa megawati 2.5 unaochoma kuni na mabaki ya miti, na umeme uliozidi mahitaji ya kiwanda ukauzwa TANESCO. Mabaki yale yale ambayo kwingine ni takataka ya kuchomwa ovyo, pale yaliingia kwenye boila na kuwasha taa za mji.

Najua si kila mwenye ding-dong anaweza kununua boila. Lakini kuna hatua ndogo zilizo ndani ya uwezo wa wengi. Kunoa msumeno kwa wakati na kuufunga sawasawa hupunguza mafuta ya dizeli na unga kwa pamoja. Mabanzi yaliyopangwa chini ya paa na kukauka huuzika kwa wachoma matofali, na kwa viwanda vya chai, vinavyohitaji kuni za kukaushia majani. Maranda hutandikwa kwenye mabanda ya kuku. Unga ukishindiliwa kwenye jiko la maranda hupika chakula cha familia kwa saa kadhaa, na ukikauka huwaka kwa moshi mdogo kuliko ukiwa mbichi. Kila kilo inayopata kazi ni kilo isiyofuka kwenye lundo.

Watu wengine huniambia kwamba moshi wa mti hauna hatia, kwa kuwa hewa ukaa inayotoka mti ukiungua ndiyo ile ile mti ulioivuta ulipokuwa ukikua. Kuna kweli ndani yake, ila kwa masharti. Mti mwingine lazima upandwe na kukua mahali pa ule uliokatwa. Dizeli ya mashine na ya lori haimo katika hesabu hiyo hata kidogo. Na mapafu ya mtoto hayaulizi kama moshi ulitoka kwenye mti uliopandwa au usiopandwa.

Zaidi ya hayo, kuna mlima. Miti inayopasuliwa vibaya ni lazima iongezwe mingine ili soko litosheke, na siku miti ya mashambani inapopungua, macho ya watu hupanda kwenye msitu wa juu. Mwaka 2003 ndipo wataalamu walipomtambua katika misitu ya Rungwe nyani mdogo aitwaye kipunji, ambaye wawindaji wetu walimjua siku nyingi. Huko mlimani makao yake yalikuwa yamekwisha kuumegwa na wakata mbao na wachoma mkaa. Mwaka 2009 msitu wa Mlima Rungwe ukafanywa hifadhi ya mazingira asilia. Ubao mmoja ulionusurika kuwa unga huku bondeni unausaidia mpaka wa hifadhi hiyo kama mlinzi.

Wilaya yetu ina jambo jingine la kufikirisha. Huko Busokelo, karibu na Mlima Kyejo, ardhi yenyewe hutoa hewa ukaa, na kampuni ya gesi ya TOL huikusanya na kuiuza. Kuna pia chemchemi za maji moto katika eneo la Kyejo na Mbaka, ambako serikali imekuwa ikitafuta jotoardhi. Huko New Zealand, mjini Kawerau, viwanda vya mazao ya misitu vimetumia mvuke wa ardhini tangu miaka ya 1950. Huenda siku moja wajukuu wetu wakakausha misindano kwa joto la chini ya miguu yao. Sitaki kuahidi lolote, ila ni vizuri kujua kwamba nchi hii yenye unyevu haikunyimwa joto.

Sheria hatukosi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilitungwa mwaka 2004, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa zikafuata mwaka 2007. Lakini mkaguzi hawezi kukaa kila penye mashine, na mashine ya ding-dong leo iko hapa na kesho iko kijiji kingine. Ndiyo maana naweka tumaini langu zaidi katika hesabu kuliko katika faini. Mpasua mbao ambaye ameelewa kwamba lundo linalofuka ni fedha zake hatahitaji kufuatwa. Atajenga banda la kukaushia kabla ya kununua msumeno wa pili, na jirani zake wataanika nguo zao bila wasiwasi.