Tarehe ya Soko la Unyanyembe

Katika karne ya 19, kabla reli haijatandikwa na kabla Mjerumani hajasimamisha boma lake, hapakuwapo katika bara yote iliyo baina ya Mrima na Ziwa Tanganyika mahali pa biashara palipoweza kulingana na Unyanyembe, ambako leo ndiko Tabora. Msafara uliotoka Bagamoyo ulipita Uzaramo, ukapanda milima ya Usagara, ukapumzika Mpwapwa, ukavuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ukatoa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi wa Ugogo, ukapenya pori la Mgunda Mkali, na baada ya miezi mitatu au zaidi ukaitua mizigo yake Kaze, kituo cha wafanyabiashara cha Unyanyembe. Na toka hapo njia ziligawanyika, hii ikielekea kaskazini Karagwe na Buganda, hii magharibi Ujiji, na nyingine kusini Ufipa na nchi zilizo mbele yake.

Yafaa isemwe mapema, kwa kuwa wengi huipita habari hii kwa haraka, kwamba njia hiyo haikufunguliwa na mgeni yeyote. Wanyamwezi wenyewe walikwisha kushuka pwani na pembe zao tangu mwanzo wa karne, wakirudi na nguo na shanga, na Waarabu walipopanda bara katika zama za Seyyid Said walifuata nyayo zilizokwisha kukanyagwa. Yapata mwaka 1852 Snay bin Amir, Mwarabu wa asili ya Oman, na Musa Mzuri, Mhindi wa Surat, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufanya makao Kaze, chini ya himaya ya Mtemi Fundikira; na wasafiri Waingereza Burton na Speke walipowasili tarehe 7 Novemba 1857 walikirimiwa na Snay kwa ukarimu ambao Burton aliutaja kwa shukrani. Burton hakuona mji wenye mitaa. Aliona matembe makubwa machache yaliyotawanyika, yenye ua, maghala, bustani na vibanda vya watumwa, na Waarabu waliokaa humo hawakuzidi 25, hata msimu wa safari pengine wakasalia watatu au wanne.

Watu 25 waliwezaje kushika soko la bara nzima? Jawabu ni kwamba hawakulishika wao. Mali haikuwa yao: merikani zilizofumwa Marekani, kaniki za Bara Hindi, shanga za Venice, masango, bunduki na baruti, sehemu kubwa ilichukuliwa kwa mkopo kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, akina Jairam Shivji na baadaye Taria Topan, na deni likalipwa kwa pembe zilizopimwa kwa frasila. Wala mabega hayakuwa yao. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila 2, na waliouchukua kwa ujira, msimu hata msimu, walikuwa zaidi Wanyamwezi, ambao kwao upagazi ulikuwa fahari ya ujana, hata kijana asiyewahi kuiona bahari alihesabiwa bado mtoto.

Wapagazi hao walipatana ujira wao mpaka Unyanyembe tu. Wakifika, huitua mizigo, hupokea haki yao na kutawanyika vijijini, na tajiri hubaki na marobota yake ghalani akitafuta wengine wa kumpeleka mbele. Na mvua zikimkuta hapo hana budi kusubiri miezi, kwa maana Mnyamwezi hakuacha jembe lake kwa ajili ya merikani ya mtu. Kungoja huko ndiko kulikojenga mji. Aliyengoja alihitaji ghala, akahitaji chakula, akapanda mpunga, ngano, vitunguu na malimau. Akaoa, kama alivyooa Muhammed bin Juma, baba yake Hamed bin Muhammed aitwaye Tippu Tip, aliyemposa Karunde binti Fundikira. Na mwenye kijiji aliyekuwa na mtama wa ziada akapata mnunuzi mlangoni pake. Nasi tusifiche kwamba mashamba ya matembe yale yalilimwa na watumwa, na kwamba binadamu walinunuliwa na kuuzwa katika soko lile lile.

Fitina zilikuja pamoja na utajiri. Fundikira alipofariki, mrithi wake Mnywa Sele alitaka ushuru kwa wafanyabiashara, nao wakamwondoa na kumtawaza Mkasiwa, na vita vikaendelea mpaka Mnywa Sele alipouawa mwaka 1865. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo akaifunga njia ya Ujiji na kuiunguza sehemu ya Tabora, mwandishi wa habari Stanley akiwapo. Hata hivyo soko halikufa kwa vita. Kila amani iliporejea, mizigo ilirejea.

Liliuawa na mambo ya kimya zaidi, yaliyofuata ushindi wa Mjerumani. Bendera ya Kijerumani ilipandishwa mwaka 1890, na Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyekataa kutiishwa, alijilipua kwa baruti ndani ya ngome yake askari wa ofisa wa Kijerumani von Prince walipoingia. Mwaka 1901 reli ya Mombasa ilifika Kisumu, na bidhaa za Ziwa Viktoria zikapata mlango mwingine. Kodi ya nyumba, iliyotozwa tangu 1898, iliwapeleka vijana katika mashamba ya walowezi na katika ujenzi wa reli ya kati, na hapa ndipo moyo wangu huuma, kwani Wanyamwezi wengi waliitandika kwa mikono yao njia iliyokuja kuwanyang'anya kazi. Garimoshi lilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Tangu siku hiyo mzigo wa Ujiji haukulazimika tena kutua.

Mji haukufa. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza serikali ya Kijerumani ilikimbilia huku, ikapiga sarafu za shaba, na nyingine za dhahabu zenye sura ya tembo, mpaka Wabelgiji walipoingia tarehe 19 Septemba 1916. Na mwaka 1928 tawi la reli la Mwanza likaifanya Tabora njia panda kwa mara nyingine. Lakini anayebadili behewa hukaa saa chache, hajengi ghala wala hapandi ngano, na tumbaku na asali ya nchi hii hupakiwa kwenda kuuzwa kwingine.

Tembe la Kwihara, alimosalia mmisionari Livingstone baada ya kuagana na Stanley Machi 1872, limefanywa makumbusho kwa jina lake, na mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia yote, toka Bagamoyo hata Ujiji, katika orodha ya awali ya UNESCO. Ni jambo jema. Naomba tu katika tembe hilo liwekwe robota moja la merikani, la frasila 2 kamili, lililofungwa kama walivyolifunga wapagazi, na kila mgeni aruhusiwe kujitwika begani.