Ngwe ya Babu

Kadi ya babu ninayo mpaka leo, imekunjwa mara nne ndani ya bahasha ya picha za harusi. Ni karatasi ngumu yenye visanduku 30, kila kisanduku siku moja ya kazi katika shamba la mkonge wilayani Muheza. Hicho ndicho kipande. Wasomaji wa Kenya wasikichanganye na cha kwao, kilichoning'inizwa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Chao kilimhesabu mtu, chetu kilihesabu siku.

Mkonge wenyewe ni mgeni. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Pangani ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kizazi cha miche hiyo kilienea, hata Tanganyika ikawa inazalisha zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ardhi haikuwa tatizo. Watu ndio waliokosekana. Wabondei na Wasambaa walikuwa na migomba yao, hawakuona sababu ya kuamkia miiba ya mtu mwingine. Basi vibarua wakafuatwa mbali, Ubena, Uha, Burundi, Msumbiji, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo cha kuwakusanya, Silabu. Babu alitoka Njombe kwa njia hiyo, akapewa namba, akawa manamba. Mkataba ulipokwisha hakurudi kwao. Alioa, akapata kishamba cha mihogo na mahindi, akaendelea kukata mkonge kwa kipande.

Kazi ilipimwa kwa ngwe. Unakata jani, unaondoa mwiba wa nchani, unafunga majani 30 fungu moja, unayapanga kando ya njia ya matoroli. Ngwe ya babu ilikuwa mafungu 70. Alitoka alfajiri kabla jua halijawa kali, na saa 5 nyapara akishahesabu, karani alitia alama na siku ikaisha. Isipoisha ngwe, hakuna alama, hata kama umebaki mafungu mawili. Akiugua homa, kisanduku kilibaki kitupu, wala hakuna aliyemlipa pole. Na mshahara haukutoka mpaka visanduku vyote vijae. Wapo waliojaza siku 30 kwa miezi miwili, huku deni dukani likiongezeka. Simsikii mtu akiusifia utaratibu huo nikamwamini.

Lakini sikiliza na hili. Saa 6 mchana babu alikuwa kwenye mahindi yake. Hakuna aliyemwita tena.

Baba yeye aliingia korona, kiwandani kunakochanwa majani. Shamba moja, dunia mbili. Jani likishakatwa halina subira: likikaa likanyauka, singa hazitoki vizuri. Kwa hiyo korona iliendeshwa kwa king'ora na zamu, na mtu aliyelisha mashine hakuweza kusema leo nimemaliza changu. Baba alipokea mshahara wa mwezi, na babu alijivunia jambo hilo mbele ya wageni. Sisi watoto tulimwona baba akila huku amesinzia, mikono imebadilika rangi kwa maji ya mkonge. Shamba la mihogo likabaki mikononi mwa mama. Serikali ilipotaifisha mashamba mengi ya mkonge mwaka 1967, bei ilikuwa tayari inaporomoka kwa sababu ya kamba za nailoni, na zile zamu zikaanza kupungua zenyewe.

Mimi ni mhasibu Tanga mjini. Nina bima, nina likizo, na nina simu inayolia Jumamosi saa 2 usiku, mtu akiomba "kitu kidogo tu." Sitamani panga wala miiba. Ninachokitamani ni yule karani, atie alama, tukubaliane kwamba imetosha.

Kadi ile niliyoirithi ina alama 27. Nilimwuliza babu, enzi za uhai wake, kwa nini aliacha siku tatu na malipo ya mwezi mzima yakapotea. Alicheka tu. Bibi ndiye aliyejibu kutoka jikoni: "Vuli zilianza, mjukuu wangu. Mahindi yangemsubiri nani?"