Mishahara ya wataalamu wa teknolojia: Je, inakimbizana na gharama ya maisha?

Na MWANDISHI WETU

KWA miaka mingi kazi ya kompyuta imehesabiwa nchini kuwa kinga dhidi ya umaskini. Mzazi aliyemwona mwanawe akiajiriwa kuunda programu za simu katika afisi za Westlands au Kilimani alishusha pumzi, akiamini kwamba mshahara wa kijana huyo ungepanda kila mwaka, liwe jua iwe mvua.

Imani hiyo ilitiwa majaribuni kuanzia mwaka wa 2022. Uchumi wa Kenya haukusinyaa kama ilivyotokea mwaka wa 2020 wakati wa janga la Covid-19. Mwaka wa 2024, kwa mfano, ulikua kwa asilimia 4.7. Hata hivyo, bei za bidhaa zilipanda, shilingi ikadhoofika, makato ya mishahara yakaongezeka na fedha za wawekezaji zikaadimika, yote katika kipindi kimoja.

Swali basi si iwapo wafanyakazi wa teknolojia waliongezwa mishahara. Swali ni iwapo nyongeza hiyo ilitosha kuwarudisha pale walipokuwa. Hesabu inaonyesha kwamba mfanyakazi aliyelipwa Sh150,000 mwanzoni mwa 2023 alihitaji nyongeza ya takriban asilimia 17 katika muda wa miaka miwili ili tu abaki na uwezo uleule wa kununua.

Mshahara hupungua vipi bila kupunguzwa?

Uchumi unapoyumba, ni nadra mwajiri kufuta tarakimu iliyoandikwa kwenye barua ya kazi na kuandika nyingine ndogo. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka ashauriane na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi kabla ya kubadilisha masharti ya mkataba. Isitoshe, mwajiri anafahamu kwamba mtaalamu mzuri akikatwa mshahara ataanza kutafuta mlango wa kutokea.

Kwa hivyo hutumia njia za kimyakimya. Nyongeza ya kila mwaka huahirishwa, marupurupu ya mwisho wa mwaka hufutwa, nafasi za waliohama haziajiriwi watu wengine, na wanaobaki hugawana kazi ya walioondoka. Tarakimu kwenye barua hubaki ileile, lakini mfumko wa bei huendelea kuimega.

Mfumko huo ulifika asilimia 9.6 Oktoba 2022 kwa mujibu wa Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS. Januari 2023 ulikuwa asilimia 9.0, Januari 2024 asilimia 6.9 na Januari 2025 asilimia 3.3. Wengi huchanganyikiwa hapa. Mfumko ukishuka haimaanishi kwamba bei zimeshuka. Maana yake ni kwamba zinapanda polepole. Viwango hivyo vikiunganishwa, bidhaa zilizogharimu Sh100 Januari 2022 ziligharimu takriban Sh120 Januari 2025.

Makato mapya

Pigo la pili lilitoka kwenye hati ya malipo yenyewe. Hadi Januari 2023, mfanyakazi alichangia Sh200 pekee kwa mwezi katika hazina ya uzeeni ya NSSF. Mwezi uliofuata Mahakama ya Rufaa ilifungua njia ya kutekelezwa kwa sheria ya NSSF ya 2013, na michango ikaanza kupanda kila Februari. Kwa wenye mishahara ya juu, mchango ulifika Sh1,080 mwaka wa 2023, Sh2,160 mwaka wa 2024 na Sh4,320 mwaka wa 2025.

Sheria ya Fedha ya 2023 nayo ilileta ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ya mshahara wote. Sheria hiyohiyo iliwatoza wanaolipwa zaidi ya Sh500,000 kodi ya asilimia 32.5 kwa kiasi kinachozidi hapo, na asilimia 35 kwa kinachozidi Sh800,000. Oktoba 2024 bima ya NHIF, ambayo mchango wake wa juu ulikuwa Sh1,700, ilipisha bima ya SHIF inayokata asilimia 2.75 bila kikomo.

Tuchukue mfano wa mtaalamu anayelipwa Sh150,000 kabla ya makato. Januari 2023, baada ya NSSF, NHIF na kodi ya PAYE, alibaki na takriban Sh111,000. Februari 2025, kwa mshahara uleule, alikatwa Sh4,320 za NSSF, Sh4,125 za SHIF na Sh2,250 za nyumba. Hata baada ya nafuu iliyoletwa na marekebisho ya sheria za kodi ya Desemba 2024, ambayo yaliondoa SHIF na ushuru wa nyumba katika mapato yanayotozwa kodi, alibaki na Sh105,130 hivi.

Alipoteza karibu Sh5,900 kwa mwezi, huku bei zikiwa zimepanda kwa zaidi kidogo ya asilimia 10. Ili aweze kununua alichonunua awali, alihitaji kubaki na Sh122,500 hivi mkononi. Mshahara unaoacha kiasi hicho baada ya makato ni Sh176,000. Hiyo ndiyo asilimia 17 tuliyoitaja.

Haki inatudai tuseme pia upande wa pili. Mchango wa NSSF haujapotea. Ni mali ya mchangiaji, na mwajiri huongeza kiasi sawa na hicho. Akiba haiozi, walivyosema wahenga. Ila akiba ya uzeeni hailipi kodi ya nyumba ya mwezi huu.

Mwajiri naye ana malalamiko yake. Kwa mfanyakazi huyohuyo, gharama yake kwa mwezi ilipanda kutoka Sh150,200 hadi Sh156,570, kwa sababu hulipa ushuru wa nyumba na NSSF sambamba na mwajiriwa. Yeye alitoa Sh6,370 zaidi, mfanyakazi akapokea Sh5,900 pungufu. Si ajabu mazungumzo ya nyongeza yaligeuka kuwa magumu, kila upande ukiamini kwamba umeumia.

Wanaolipwa kwa dola

Wapo waliodhaniwa kuponea. Hawa ni Wakenya wanaozifanyia kazi kampuni za ng'ambo wakiwa nyumbani na kulipwa kwa sarafu ya Marekani. Januari 2022 dola moja ilibadilishwa kwa Sh113 hivi. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imepita Sh160. Aliyelipwa dola 1,500 kwa mwezi aliona mapato yake yakipanda kutoka Sh169,500 hadi Sh240,000 bila kuomba nyongeza.

Furaha hiyo ilikuwa fupi. Februari 2024 serikali iliuza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu ya ile ya dola bilioni 2 iliyokuwa ikiiva Juni mwaka huo. Hofu ya nchi kushindwa kulipa ilipungua na shilingi ikapata nguvu. Januari 2025 dola ilikuwa Sh129 hivi, na dola 1,500 zikawa Sh193,500. Kwa kuwa bei zilikuwa zimepanda kwa asilimia 20 tangu Januari 2022, alihitaji zaidi ya Sh203,000 ili asirudi nyuma. Naye, kumbe, alikuwa ameachwa.

Aidha, wengi wa hawa huandikishwa kama wanakandarasi. Hawana likizo ya malipo, bima ya mwajiri wala fidia ya kuachishwa kazi. Wanapolinganisha malipo yao na ya mwajiriwa wa kawaida, sharti waziondoe gharama hizo kwanza.

Kazi yenyewe kutoweka

Kulinda mshahara ni jambo moja, kulinda kazi ni jingine. Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sufuri mapema 2022 hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5 Julai 2023. Wawekezaji waliozoea kumwaga fedha katika kampuni changa walipata faida nono bila kujihatarisha, wakafunga mikoba. Meta ilitangaza kuwaachisha kazi watu 11,000 Novemba 2022. Kampuni mama ya Google ikafuata kwa watu 12,000 Januari 2023.

Wimbi hilo lilifika Nairobi. Sendy, kampuni ya uchukuzi iliyotegemea teknolojia, ilifunga shughuli zake 2023, na Copia ikawekwa chini ya wasimamizi 2024. Januari 2023 Sama ilitangaza kuwaachisha kazi watu wapatao 260 waliokuwa wakichuja maudhui ya mitandao ya kijamii.

Kisa cha Sama kinakumbusha kwamba si kila kazi ya teknolojia ina mshahara mnono. Jarida la Time liliripoti mwezi huohuo kwamba Wakenya walioajiriwa na kampuni hiyo kuandaa data za akili bandia walibaki na kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kwa watu wa kiwango hicho, kupanda kwa bei ya unga na nauli hakupunguzi starehe, bali hupunguza chakula.

Anayeachishwa kazi kwa sababu ya kampuni kupunguza wafanyakazi ana haki zake. Sheria ya Ajira inaagiza notisi isiyopungua mwezi mmoja, na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi.

La kufanya

Nyongeza ya mshahara wa kima cha chini, kama ile ya asilimia 6 iliyotangazwa Leba Dei ya 2024, haimgusi mtaalamu wa kompyuta. Wengi wao pia hawamo katika vyama vya wafanyakazi vinavyojadiliana kwa niaba ya wanachama. Kila mmoja huingia peke yake katika afisi ya meneja, na mara nyingi huingia bila hesabu.

Anayekwenda kuomba nyongeza afadhali abebe karatasi yenye mambo matatu: alichobaki nacho mkononi mwezi kama huu miaka miwili iliyopita, anachobaki nacho sasa, na kiwango ambacho bei zimepanda katika muda huo. Aombe kwa kuangalia kinachobaki baada ya makato, si tarakimu ya kwanza kwenye hati. Anayelipwa kwa dola naye aombe kipengele cha kupitia malipo yake kila mwaka, badala ya kutegemea udhaifu wa shilingi.

Kwa mfanyakazi wa mfano wetu, nyongeza ya asilimia 5 kila mwaka kwa miaka hiyo miwili ingempa Sh165,375. Barua ingesema amepanda. Mkononi angebaki na takriban Sh115,400, naye angekuwa amerudi nyuma kwa zaidi ya Sh7,000 kila mwezi.